Saa Ilisema Mia Moja na Nne

Bashay, Mbulu
Jumapili, 2 Juni 2024

Dada Frida,

Shikamoo. Habari za Tarime, habari za shemeji Joakimu na watoto? Mara ya mwisho uliniambia mguu wa mama umevimba tena. Natumaini ile dawa ya kuchua imemsaidia na sasa anafika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku imeanza, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, nalala na sweta na soksi. Wiki hii nimeshika simu mara tatu nikupigie, na mara zote nimeishia kukuuliza bei ya samaki. Ndiyo maana naandika.

Zile pongezi mlizonitumia wewe na mama nimezipata. Ulisema unajivunia kuwa na mdogo aliyeokoa maisha ya mtu. Dada, nilipousoma ujumbe ule nilitoka nje nikatema mate. Acha nikueleze yote.

Unajua tangu Januari mkuu wetu wa shule, Mwalimu Xavery, alinikabidhi mazoezi ya walimu. Kila Jumamosi tunakimbia kutoka uwanjani hadi kilimani kwenye tangi la maji, kisha tunarudi. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, kijana, mgeni kutoka Mara, na nilitaka nionekane. Nikanunua saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Nikawafundisha wenzangu hesabu yake: chukua mia mbili na ishirini, toa umri wako, unapata makadirio ya mapigo mengi kabisa ambayo moyo wako unaweza kupiga kwa dakika. Ukiwa kati ya nusu na asilimia sabini ya hapo, mazoezi yako ni ya wastani. Ukipanda zaidi, ni ya nguvu. Hesabu yenyewe haina ubaya. Ubaya niliuleta mimi. Aliyetoka na namba ndogo nilimtangaza mbele ya wote kuwa mvivu. Walicheka, na mimi nilipenda wakicheka.

Kati yao yupo Mwalimu Isidori wa jiografia, mzaliwa wa hapa hapa, miaka hamsini na saba. Nilipofika na begi moja, yeye na mkewe Efrazia ndio walionipa chumba miezi miwili bila kuniuliza nitaondoka lini. Ana presha. Kwenye mazoezi alikuwa anakuja nyuma polepole, anasalimia kila mkulima anayemkuta shambani, anauliza habari za ng'ombe. Mimi niliona ananiharibia kikosi.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja Mei tulikuwa na wageni kutoka mjini Mbulu, wenye kamera. Tulipofika katikati ya mlima nilimvalisha Mwalimu Isidori ile saa, nikamwambia leo tutaona ukweli. Nikakimbia ubavuni mwake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kama majivu, na jasho lilikuwa linamtiririka kwenye baridi ile. Nikashika mkono wake nikasoma kwa sauti: mia moja na nne! Kwa umri wake hayo ni mazoezi ya wastani tu. Nikawapigia kelele wote wasikie, "Mwalimu, saa inasema bado hujaanza!" Wakaangua kicheko. Alifungua mdomo anijibu, likatoka neno moja, "Mwita," basi. Akainua mkono kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Nikamsukuma mgongoni, nikamwambia tumalize.

Hakufika kwenye tangi. Alipiga magoti, akatapika uji wake wa asubuhi kwenye raba zangu, akalala ubavu huku ameshika kifua. Hapo ndipo nilipombeba mgongoni kushuka hadi barabarani. Bwana Tadeo alikuwa anapita na gari lake dogo limejaa magunia ya vitunguu saumu, tukamlaza juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nimemshika kichwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu saumu naondoka mahali hapo. Hospitali walisema moyo umekosa damu ya kutosha, wakamlaza siku tisa.

Kuanzia hapo ukaanza uchafu ambao mmeusikia huko kama habari njema. Watu walisema bila Mwita, mzee angekufa. Tarehe ishirini na saba Mwalimu Xavery akaitisha wanafunzi wote, akanipa cheti chenye jina langu kwa wino wa dhahabu. Mwalimu Isidori mwenyewe aliletwa kwa pikipiki, akaketi kwenye kiti mbele, amevaa koti zito, na alinipigia makofi pamoja na wengine. Baadaye kukawa na supu ya mbuzi. Dada, niliinywa. Niliinywa bakuli mbili, mafuta yakanigandia kwenye midomo, nikatoa shukrani fupi na watu wakasema nina unyenyekevu.

Sasa nakuambia ambacho sijakiandika kwenye ripoti niliyompa Mwalimu Xavery.

Alhamisi kabla ya Jumamosi ile ya mlimani, Mwalimu Isidori alinifuata uwanjani na karatasi kutoka kliniki. Aliiandika muuguzi Agatha, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Ilisema dawa anayomeza inapunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo namba za saa zitamdanganya anayezisoma. Apimwe kwa maongezi: akiweza kuongea vizuri lakini hawezi kuimba, hapo panamtosha. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo mara moja. Akisikia kifua kinabana, asimame na apelekwe hospitali.

Niliisoma yote. Ni mambo yale yale uliyowahi kunieleza wewe kuhusu wagonjwa wako. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikasema moyoni kwamba wazee wana visingizio. Kwa hiyo pale mlimani, aliposhindwa kuniambia chochote zaidi ya jina langu, nilijua maana yake. Usidhani sikuelewa. Nilielewa, nikamsukuma, kwa sababu kamera ilikuwa inatuelekea.

Alhamisi iliyopita nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi juani na mkewe anachambua maharage. Nikaanza kueleza. Mwalimu akaniacha nimalize, kisha akasema, "Karatasi nilikupa mimi kwa mkono wangu, Mwita. Ulidhani nimesahau?" Akasema alipiga makofi siku ile ili aone kama nitasimama niseme. Nilipopokea cheti na kwenda kunywa supu, akaamua kutoniuliza kamwe.

Mama Efrazia alikuwa hajui lolote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nilipewa karatasi siku gani. Nikasema Alhamisi. Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akaviangalia vile vidole vitatu kama vina uchafu. "Ondoka hapa," akasema. "Usirudi mpaka nikuite mwenyewe."

Juzi Ijumaa nilimwambia Mwalimu Xavery nataka kusema kwenye kikao. Akanisihi niache, ripoti na picha zimeshapelekwa, nisiharibu kitu kizuri. Kitu kizuri! Hata hivyo nilisimama nikasema yote, nikaweka cheti mezani. Wenzangu wakakodolea macho vikombe vyao vya chai. Wale waliocheka mlimani ndio waliokuwa wa kwanza kuniambia nisijilaumu, ni bahati mbaya tu. Nao wananitia kinyaa, ila si kama ninavyojitia kinyaa mwenyewe. Mazoezi amekabidhiwa Mwalimu Gidion. Mimi nimebaki na vipindi vyangu vya darasani. Mama Efrazia hajaniita.

Nisalimie shemeji na watoto, na umsomee mama barua hii yote, usiruke mahali. Ukinijibu, usinifariji. Wa kunifariji ninao wengi hapa shuleni, na wote walikuwepo siku ile.

Ni mimi mdogo wako,
Mwita