Wiki Niliyokatazwa Chai

Jumatatu, 9 Juni

Chupa ya chai imetoweka. Nimeitafuta kabatini, chini ya meza, mpaka bafuni. Mama mkwe anafagia uwanja kana kwamba hajui natafuta nini. Alifika juzi kutoka Bahi, kunisaidia mpaka nijifungue. Asante sana.

Ni kweli, Ijumaa nesi alinisema. Mimba ya miezi saba, damu imeshuka, na mimi nakunywa chai ya rangi asubuhi, saa nne na jioni. Tena na chakula. Tena nameza nayo vidonge vya damu. Akasema chai inazuia dawa kufanya kazi, na kafeini haiko kwenye kahawa peke yake. Nipunguze, kikombe kimoja kwa siku, mbali na chakula na vidonge. Nirudi baada ya wiki mbili. Damu isipopanda, sitajifungulia hapa Chamwino, nitapelekwa hospitali kubwa. Naogopa.

Mume wangu Yohana alikuwepo. Ndiye aliyempa mama yake taarifa, kwa Kigogo, ambacho mimi nakibahatisha tu. Neno moja nililishika: chai.

Kupunguza nimekubali. Lakini leo hata kipande cha mhogo sikupewa. Nimekula saa saba mchana.

Jumanne, 10 Juni

Kichwa kinagonga. Nesi alisema kitauma siku chache, mwili ukiikosa chai. Sawa, kichwa ni cha chai. Na njaa ni ya nani?

Saa mbili nimeingia jikoni kukaanga yai. Mama kanishika mkono, kanitoa taratibu, kanikalisha mkekani. Yai kalirudisha kapuni. Kubishana na mkwe sikulelewa hivyo. Nimemeza kidonge kwa maji, tumbo tupu. Nimekitapika.

Shule isingefungwa, saa hizi ningekuwa na walimu wenzangu, nakula.

Jumatano, 11 Juni

Hanipendi. Nimeandika.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Yohana kwamba mama yake ananinyima chai. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Si nesi alikataza?"

Nimekasirika mpaka machozi yamekataa kutoka. Mwanamume huyu anakula supu na chapati kila asubuhi kule saiti, anashushia na kahawa, na hakuna aliyemwekea mlinzi. Mimba nibebe mimi, mdomo wangu uchungwe na ukoo mzima! Hata wifi kapiga simu kutoka Bahi kuuliza kama nimeacha kweli. Hakuna aliyeuliza kama nimekula. Kidonge cha leo nacho kimerudi.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimetoroka. Mwalimu mzima, nanyata nyuma ya choo na tumbo langu, hadi kona ya barabara kwa Mama Neema, anayeuza vitafunwa. Nikaomba chapati mbili.

Kashika kiuno. "Mwalimu, mkwe wako kapita hapa. Kasema usiuziwe chai."

Nikamwambia sitaki chai, nataka chapati.

"Sasa chapati si ndiyo chai yenyewe?"

Nimerudi mikono mitupu. Upepo wa Juni umenijaza vumbi mdomoni. Hicho ndicho kifungua kinywa changu cha leo.

Jumatatu, 16 Juni

Niliamka nimeamua kusema. Heshima basi, mtoto kwanza. Maneno nilishayapanga, mengine mabaya.

Nimemkuta mama ameketi chini kwenye kamba ya nguo. Nguo mchangani, anajaribu kuinuka, anashindwa. Jirani kaja mbio na maji ya sukari, kamuuliza kama leo amekunywa chai.

"Tumekatazwa," mama kajibu, kwa Kiswahili chake cha polepole.

"Kwani na wewe una mimba, bibi?"

"Nitakulaje, huyu ananitazama?"

Siku nane. Mtu wa umri ule, anafagia, anachota maji, anafua nguo zangu, na hajatia kitu kinywani mpaka mchana. Nilidhani anakula mafichoni. Nilimchukia.

Kumbe aliposikia chai, hakusikia majani. Alisikia yai, mhogo, chapati, kila kinachowekwa mezani asubuhi. Na atasikia nini kingine? Nani hapa anauliza "umekula asubuhi"? Tunauliza umekunywa chai. Mimi mwenyewe nilimlalamikia Yohana kwamba nanyimwa chai, naye akanijibu kuhusu majani. Nafundisha Kiswahili miaka sita sasa. Nimejionea aibu.

Ningeuliza siku ya kwanza, ingekwisha siku ya kwanza. Hasira iliyobaki nimempa Yohana jioni, ikamtosha.

Alhamisi, 19 Juni

Uji wa uwele, ubuyu ndani. Mama ameuleta mwenyewe, vikombe viwili, kama jana na juzi. Alianza kusema karibu chai, akajikata. Akasema karibu tu. Tumekunywa, jua likiwa bado dogo.

Kidonge nimemeza baadaye, kwa maji. Kimekaa.

Kesho kliniki. Sijui damu itasemaje. Vile vidonge nilivyotapika siwezi kuvirudisha. Kadi nimeshaitia kwenye mkoba.

Yohana alisema atanisindikiza. Mama kamwambia aende kazini. Atakuja yeye, asikie kwa masikio yake.