Jina Lisilotajwa Nyumbani

Jumanne, 1 Juni 1971

Kliniki leo. Uzito mzuri – nesi Pelagia mwenyewe kasema. Kwenye mizani mwanangu hana mpinzani! Kisha nikamweleza ile surua ya mwezi wa tatu, na sikio lililotoa usaha. Akasimama nyuma ya mtoto akaita, "Saleha!" Kimya. Akaita tena. Mtoto anatafuna pindo la kanga yangu, hana habari.

Turudi Jumanne ijayo. Akiwa vilevile, atatuandikia twende Dar kwa daktari wa masikio. Asiyesikia, kasema, hajifunzi kusema. Nimerudi nyumbani Kanyenye kwa miguu, hata sikumbuki nimepita njia gani.

Alhamisi, 3 Juni

Mume wangu Abasi nimemwambia, na chakula kimemshinda. Mama mkwe bado. Jirani yetu Maua kanifariji eti bubu nao huolewa. Nimemnunia!

Jioni Abasi karudi kutoka sokoni anakoshona viatu. Pale mlangoni, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kauliza, "Mama kashindaje?" Mtoto alikuwa kaupa mlango mgongo. Akageuka! Mwili mzima, mikono juu. Mimi nimesimama na mwiko, ugali unaungua.

Lo, sisi wajinga! Nani humu ndani kawahi kumwita Saleha? Ni jina la mama yake Abasi. Abasi atamtajaje mama yake mzazi? Na mimi nimtaje mkwe wangu, nimekosa adabu? Jina lilitajwa siku alipopewa na siku ya kuandika kadi, basi. Abasi humwita Mama. Mimi humwita Mkwe, kwa utani. Bibi yake humwita Somo. Nesi alikuwa akiita mtu mwingine kabisa.

Jumamosi, 5 Juni

Nimejificha nyuma ya pazia. "Kijiko kiko wapi?" Katazama kijiko. "Paka je?" Katazama pembeni mwa jiko, anapolala paka – na paka mwenyewe katoka! Anajua neno hata kitu chenyewe kisipokuwepo. Nimelia kwa furaha, siku nzima sikuwa na maana.

Tena nikimwita Somo mimi, hageuki. Bibi yake akiita, mara moja! Anajua kila mmoja wetu humwitaje. Hajasema hata neno moja, ni "bababa" tu, lakini kichwani mna duka zima.

Nimemweleza mama mkwe yote. Kauliza tu tunatoka saa ngapi Jumanne.

Jumatatu, 7 Juni

Abasi anataka mtoto afundishwe jina lake kabla ya kesho. Haya, mfundishe, nikamwambia. Kakohoa, kaenda kutazama kuku.

Jumanne, 8 Juni

Nesi kaita. Kimya. Nikaeleza mambo yetu ya majina, akanitazama kwa huruma. Nadhani kila mama ana maelezo yake. Mama mkwe akainuka, akaenda nyuma ya mtoto, akajifunika mdomo kwa buibui. Taratibu: "Somo."

Akageuka kabla neno halijaisha! Nesi akaliziba sikio zima kwa kiganja, akamwomba bibi arudie upande wa lile lililougua. Akageuka tena! Wanawake wa kijiji cha Ntalikwa kwenye foleni wakapiga vigelegele. Dar hatuendi. Nilivyotoka pale ungedhani masikio nimeyavumbua mimi.

Ila nesi kasema neno moja: shuleni ataitwa Saleha, na asipolijua, mwalimu atamdhania kiziwi. Tulipofika nyumbani mama mkwe katuita uani, mimi na Abasi.

"Jina nimempa alitumie," kasema. "Sikumpa mlifiche. Mtaje, na mimi nikiwa hapahapa."

Abasi akajaribu kuomba hadi kesho. Kakataliwa. Akishamaliza yeye, zamu ni yangu. Lakini najivunia nyumba hii, Mungu anisamehe!

Sasa hivi ninavyoandika, Abasi kasimama katikati ya ua, kofia mkononi, jasho linamtoka. Kaanza mara mbili, kaishia "Sa–". Mama yake kaketi mkekani, mtoto mapajani. Wote wawili wanamtazama mdomo, wanangoja kuitwa.