Mkutano Usio na Marehemu

Mama,

Sisi huku hatujambo, na juu yako sina hofu, maana najua umepumzika. Naandika kukuondolea ile hofu uliyokwenda nayo. Ochieng wako ameacha pombe. Ndiyo, huyo huyo. Usicheke kwanza, nisikilize mimi mkamwana wako hadi mwisho.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimngoja. Wewe nyumbani kwako, mimi kwangu, ua mmoja, na hakuna aliyetia komeo mlangoni hadi tusikie baiskeli yake ikigonga ukuta. Asubuhi tukianika dagaa wetu wa omena ulikuwa na swali moja tu, ukiniita kwa Kijaluo binti wa Asembo: "Nyar Asembo, jana amefika?" Kana kwamba hukusikia mwenyewe. Hata siku ulipozidiwa uliuliza hivyo hivyo, nami nikanyamaza, kwa sababu hakuwa amefika. Hilo limenichoma, Mama. Limenichoma sana.

Tulipokuzika alizidi. Nilikwisha kufunga nguo zangu nirudi kwetu Asembo. Ndipo jamaa mmoja wa ukoo akafia Kisumu, na wazee wakamtuma Ochieng apeleke ujumbe kwa kamati ya mazishi iliyokuwa ikikutana nyuma ya kanisa. Alikubali mbio. Unamjua mwanao: penye matanga hakosi kunusa mtungi.

Basi akakosea mlango, akaingia chumba sicho. Akaona watu wameketi kwa duara, nyuso nzito, thamosi ya chai katikati. Kwetu hapa watu wakikaa hivyo ujue kuna maiti. Akavua kofia, akawapa mkono mmoja mmoja, "Poleni, poleni sana," akaketi. Watu wakaanza kusimama kwa zamu, kila mmoja akieleza pombe ilivyomvunjia nyumba. Ochieng akadhani marehemu ameuawa na pombe, na hawa ni wenzake wanatoa ushuhuda. Zamu yake ilipofika akasimama akasema, "Poleni tena. Lakini hamjasema, nani amekufa?"

Walicheka, Mama, walicheka hadi chai ikamwagika. Kisha mzee mmoja aliyestaafu reli (jina lake silitaji, hao wanaosaidiana kuacha pombe hawatajani nje) akamwambia, "Hapa hakuna mtu amekufa, bwana. Tunakutana ndio mtu asikufe. Kaa, kunywa chai."

Akakaa. Ujumbe wa wazee haukufika popote hadi kesho yake. Alirudi jua likiwa bado juu, nikadhani anaumwa. Alinisimulia akicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, mwanamume mzima, ugali mkononi. Nguo zangu nikazifungua.

Haikuwa mteremko. Siku moja alikwenda Sondu kutafuta vipuri vya baiskeli, akarudi amebebwa. Chakula chake nilimpa mbwa. Mzee wa reli alikuja mwenyewe asubuhi, akaketi kwenye kigoda chako, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Jumanne tutakungoja." Mimi nilitaka amchape! Lakini Jumanne Ochieng akaenda, na zilizofuata pia. Redio yetu ya kaseti bado iko mezani, hajaiuza. Siku hizi watu wa Otonglo wanamletea baiskeli azitengeneze hata alasiri, mikono yake haitetemeki tena.

Lakini niliogopa siku ya ukumbusho wako. Wazee walitaka mtungi wa busaa, pombe yetu ya kienyeji, na mrija wa kwanza kwa desturi ni wa kifungua mimba wako. Baba mdogo Oloo aliushika mwenyewe, akamwelekezea mbele ya watu wote: "Vuta, Ochieng. Mama yako anakuangalia." Nilikuwa nimesimama na sufuria ya nyama. Sikuomba Mungu, Mama. Nilikuomba wewe.

Ochieng alivua kofia. "Baba, hii mdomo yangu imekunywa mpaka ya wageni. Mama alikufa akiniuliza niko wapi. Leo mimi nakunywa chai." Akanitazama. Nilikimbia kumletea, na kikombe nilichokishika bila kuchagua kilikuwa chako cha bati, kile kilichobanduka mdomo. Akainywa pale pale, kando ya mtungi, kwenye nafasi yake ya mwana wa kwanza. Oloo alifoka kwamba tumeleta uzungu. Wengine wakacheka, kisha wakaendelea na yao.

Jioni nikiosha vyombo, Oloo akaja jikoni peke yake. Akajifanya anatafuta maji. Kisha akashusha sauti: "Nyar Asembo, hiyo mkutano ya Ochieng, iko siku gani?"

Nilimwambia. Sasa kila Jumanne wanakwenda wawili, Oloo amepakiwa nyuma, analalamika njia nzima kuhusu mashimo. Nasi tulidhani mzee yule hajui kuomba kitu.

Mama, sitakuahidi kwamba hataanguka tena. Huko hawaahidi hivyo, wanaahidi leo tu. Mimi nakuahidi hili: akianguka sitafunga nguo kabla ya Jumanne.

Na swali lako nalijibu sasa, nimechelewa, nisamehe. Amefika. Baiskeli iko ukutani, yeye amelala, na komeo nimetia. Tia na lako.

Mkamwana wako,
Nyar Asembo