Nilitia Rangi Miti Isikatwe, Ikakatwa

Shangazi Lenah, nisaidie, usingizi umenihama. Mimi ni katibu wa chama cha wapanda miti hapa Ndalu, na chama chote kina cheti kimoja, kile cha kuonyesha kwamba mbao zetu zimetoka kwa misitu inayotunzwa vizuri, bila hicho mnunuzi wetu wa Kitale hatutazami hata kidogo. Sasa sheria moja ya cheti ni kwamba miti ya kienyeji iliyo kando ya chemchemi haiguswi, basi nikaipaka yetu rangi nyekundu ili ijulikane ni ya kuachwa, nikaenda mkutano wa akina mama kanisani, kurudi nakuta shemeji yangu Levi, fundi wa msumeno wa injini, ameiangusha yote na kuiacha mikaratusi tuliyomwitia. Namuuliza, ananitazama kama mimi ndiye mjinga: "Shemeji, si uritia langi? Mti wa langi ni wa kukata!" Na kweli huku kwetu mti ukipakwa rangi umeshauzwa. Mume wangu naye anasema, "Si tufunike visiki na udongo, tupande nduma juu, ati nani atachimba?" Mkaguzi wa cheti anakuja wiki ijayo na mimi ndiye wa kumtembeza, na mwenyekiti wetu Mzee Gicheru ameweka tumaini lote kwa miti yake iliyokomaa, anayongoja kuiuza kwa cheti hicho hicho. Nikisema nitawaharibia wote, nikinyamaza nitamwangaliaje huyo mzee?
Mama Joan, Ndalu

Mama Joan, pole sana. Lakini hebu nikugombeze kidogo. Unajua vizuri rangi huko kwenu maana yake ni nini, kisha unapaka na kwenda zako bila kumwambia mwenye msumeno neno? Levi mwache apumzike.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa hurekebishwa. Nduma ya mume wako ni uongo, tena wa kijinga, maana mkaguzi ataona mwanga pale palipofaa kuwa na kivuli.

Leo, si kesho, nendeni nyote watatu, wewe, mume wako na Levi, kwa Mzee Gicheru. Atawaka, vumilieni. Visiki viacheni wazi, pandeni miche ya kienyeji hapo, na wanachama wakubaliane alama nyingine ya mti wa kuachwa, hata kitambaa. Mkaguzi akifika, mwonyeshe mwenyewe kabla hajauliza. Siwezi kukuahidi atakavyoamua, ingawa mara nyingi wao hutoa muda wa kurekebisha.

Mkinyang'anywa cheti, mtaomba kingine. Majirani wakijua ulimpitisha mgeni juu ya visiki huku ukitabasamu, hakuna ofisi itakayokurudishia imani yao.