Nilikwenda Kumfumania Mume Wangu, Nikamkuta Mama Amembwaga

Shangazi yetu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto maana wa kulia uko kwenye plasta, kwa hiyo zivumilie herufi zangu, na aliyenivunja ni mama yangu mzazi, na siku aliyonivunja nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kumfumania mume wangu, na mpaka leo nikiamka nakaa ukingoni mwa kitanda najiuliza kama mambo haya yamenikuta mimi au nimesimuliwa ya mtu mwingine. Nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni fundi wa kushona, nashona mapazia na sare za shule, na mume wangu ni kinyozi, mtu mpole kupita kiasi, mteja akimfokea yeye anamgeuza kidevu taratibu na kuendelea kunyoa, na nyumbani akitokea panya anayeshika fagio ni mimi. Mama yangu ni mkunga mstaafu, mjane, anaishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwetu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, kwa hiyo mzigo wa kumtunza ni wangu na nimeubeba kwa moyo mmoja. Nimemkataza kupanda juu ya kiti kubadilisha taa, nimemkataza kwenda sokoni peke yake, nimemkataza kufua mashuka, mtungi wake wa gesi nimeuhamishia kwangu na chakula nampelekea, hata wageni wakimuuliza jambo najibu mimi maana siku hizi anachelewa kupata neno. Yeye na mume wangu wanaheshimiana hasa kama inavyotakiwa kwa mtu na mkwewe, mama akiingia mume wangu anasimama, anazima redio, anafunga vifungo vya shati mpaka kooni.

Sasa, kwa muda mrefu mume wangu alikuwa anafunga kibanda chake cha kunyolea Jumamosi mchana, akisema anakwenda kuwanyoa wagonjwa hospitalini, nami nikaona ni jambo la thawabu, mpaka nilipoanza kumwona ana alama nyekundu shingoni, na wewe ni mtu mzima Shangazi, unajua alama nyekundu shingoni mwa mume wa mtu zinazungumza lugha gani. Nikaupekua mkoba wake. Nikakuta koti jeupe, zito kama turubai, limechanika kwapani na kushonwa upya kwa mkono, mishono midogo midogo, kila mmoja umefungwa fundo lake, kazi ya mtu mwenye subira. Mimi nina cherehani sebuleni, Shangazi, kwa nini nguo ya mume wangu ikichanika ishonwe na mkono nisioujua? Nililia kwa ule mshono kuliko nilivyolia kwa zile alama.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata. Akapita hospitali bila hata kugeuka, akaingia jengo lenye duka la vigae chini, akapanda ngazi, na mimi nyuma yake viatu mkononi nisisikike, nikafika juu nikaweka sikio mlangoni, nikasikia kishindo kama gunia limeanguka, halafu mwanamke anacheka. Nikavaa viatu, nikasukuma mlango.

Mume wangu alikuwa amelala chali sakafuni, ndani ya lile koti jeupe. Na aliyemlalia kifuani, amemkamata ukosi kwa mikono miwili na kumbana shingo, alikuwa mama. Mama yangu, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumwona na suruali, amevaa suruali nyeupe na mkanda mweupe, jasho linamtiririka, na pembeni watu wazima wenzake wamekaa kwenye magodoro wanamhesabia kwa sauti. Ilikuwa judo, Shangazi. Nilikuja kujua baadaye. Wakati ule sikujua jina la kitu nilichokuwa nakiona, nilijua tu kwamba huyu ni mama na yule ni mkwe wake.

Walikuwa bado hawajaniona. Nikakanyaga magodoro na viatu vyangu, mama akawa ananyanyuka amenipa mgongo, nikamshika bega kwa nguvu nimgeuze. Sikumgeuza. Niliona dari, nikaona taa, nikatua. Mama aling'ang'ania mkono mmoja wa nguo yangu mpaka mwisho, na kocha wao anasema hilo ndilo lililookoa kichwa changu, lakini ule mkono mwingine niliutanguliza chini nijizuie, kama afanyavyo kila asiyefundishwa, na kifundo kikalia kama kijiti kikavu. Mama akanitazama pale chini. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi, mume wangu amekwenda dirisha la dawa. Nikamwambia, "Mama, umenivunja mkono."

"Nimekuvunja, mwanangu, na nitakuomba radhi mpaka naingia kaburini. Ulinishika kwa nyuma, mwili ukafanya wenyewe."

"Mwili gani, mama? Wewe ni mgonjwa."

"Nani kakuambia mimi ni mgonjwa?"

Ndipo aliponiambia. Wakati wa mvua zilizopita alianguka bafuni, nyonga ikafa ganzi, akashindwa kuinuka, akakaa pale kwenye saruji yenye maji tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Nikamuuliza, mbona nilikuletea chakula kila siku wakati ule, sikosi hata siku moja? Akasema, "Hata siku hiyo ulikuja. Nilikusikia ukibisha. Ukaita mama, mama, halafu ukasema peke yako, huyu naye katoka tena wakati nimemkataza. Nikasikia viatu vyako vinaondoka."

"Kwa nini hukuniita?"

Alinipangusa vumbi la plasta vidoleni. "Nilijua ukiniona vile, maisha yangu yamekwisha. Ningetoka mle bafuni moja kwa moja mpaka chumba cha uani kwako. Nikaona afadhali niendelee kulala."

Shangazi, plasta ile ilikuwa bado mbichi na mimi maumivu ya mkono niliyasahau.

Aliyemuokoa ni mume wangu. Alipita kumrudishia redio aliyokuwa amempelekea kwa fundi, mama akamwita kwa dirisha la bafu, naye akavunja kitasa cha mlango wa nyuma, akamfunika shuka huku amefumba macho, akamwinua. Kitasa kipya nilikiona, akaniambia kile cha zamani kilikuwa na kutu. Mama alimwapisha asiniambie, naye hakuniambia, ila akamwambia mama kwamba kuna mahali anapocheza judo kila Jumamosi kwa kujifurahisha, na kwamba pale kitu cha kwanza mtu kufundishwa ni kuanguka bila kuumia, na wapo watu wa umri wake. Mama akaenda kutazama. Akarudi tena. Na ile mishono ya kwapani ni yake, ameishona kama alivyokuwa akiwashona wanawake waliojifungua hospitalini.

Mume wangu anasema judo alinificha kwa sababu siku alipoigusia nilicheka mbele ya wateja, nikasema mwanaume anayekimbia panya akapigane na nani. Ni kweli nilisema, lakini ulikuwa utani. Sasa nimemwambia achague, judo au mimi. Hakupaza sauti, alilikunja lile koti akaliweka juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama watoto, langu hili hapa, lichome ukitaka. La mama kalichukue mwenyewe mikononi mwake." Na mama nimemkataza kurudi kule, akanijibu kwamba Jumamosi ataenda kama kawaida, na nikitaka kumzuia nikamzuie palepale ukumbini.

Nifanye nini, Shangazi? Niite wazee wa ukoo? Niende nikamtoe? Niendelee kuishi na mtu aliyeniona nikipeleka chakula kila siku huku anajua siri ya mama yangu? Na ni mama gani anamsikia mwanawe mlangoni akanyamaza? Hilo ndilo linalonimaliza.

Ni mimi, Fundi Mapazia.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Pole kwa mkono. Pole kwa lile benchi la hospitali pia, kwa sababu maneno uliyoambiwa pale hakuna daktari wa kuyafunga plasta. Mtoto kujua kwamba mama alimsikia akanyamaza, hilo ni pigo, na usiruhusu mtu akuambie ni jambo dogo. Lia. Ukimaliza, futa uso, maana sasa nakugeukia.

Isome tena barua yako. Neno "nimemkataza" limejaa humo kama mchanga kwenye mchele. Umemkataza taa, umemkataza soko, umemkataza mashuka, umemchukulia moto wa jikoni kwake, na wageni wakimuuliza unamnyang'anya hata jibu. Unasema anachelewa kupata neno. Mwanangu, alipopata nafasi pale kwenye benchi, alikosa neno gani? Huyu mwanamke amewapokea watoto wa mji mzima. Maisha yake yote amewashika watu wakiwa hawana nguo wala nguvu, kwa hiyo anaijua kuliko mimi na wewe tofauti ya mkono unaosaidia na mkono unaotawala. Alinyamaza kwa sababu aliogopa mapenzi yako, namna unavyoyatoa. Hayo ni mabaya kuyasikia, lakini yana dawa. Angekuwa hakupendi yasingekuwa nayo.

Simtetei kwa yote. Kukaa kwenye saruji yenye maji nusu ya siku kwa ajili ya heshima, mtu aliyefanya kazi hospitali, ni ujinga wa kishujaa, na bado ni ujinga. Angekufa, na wewe ungebaki na sauti ya viatu vyako mwenyewe masikioni. Mwambie Shangazi amesema hivyo, anigombeze mimi.

Na mumeo. Unaona aibu mkwe kumlalia mkwe kifuani. Nakuelewa, mimi ningedondosha mkoba. Lakini mwanaume aliyemwinua mkwewe huku amefumba macho, wewe utamfundisha heshima ya wapi? Siri ya mama haikuwa yake kuitoa, alikuwa ameapa. Ya judo ilikuwa yake, na hapo amekosea, kukudanganya habari za wagonjwa wiki baada ya wiki mpaka ukahesabu alama za ukosi kuwa za hawara. Akuombe radhi kwa hilo. Nawe umuombe kwa kile kicheko mbele ya wateja. Utani unaomfanya mtu afiche jambo linalomfurahisha si utani tena. Wengine waume zao wakitoroka wanarudi wananuka pombe. Wako anarudi na jasho la mazoezi, na amempata mama mkwe wa kumbana shingo. Hebu jiulize unalalamikia nini.

Wazee wa ukoo waache walale. Ile amri ya "judo au mimi" ifute leo, kwa mdomo wako, kabla chakula cha jioni hakijapoa. Koti litundike kabatini, na ole wako ufumue ile mishono ushone ya cherehani.

Mtungi wa gesi urudi kwa mama yako kesho asubuhi. Usitoe hotuba. Ubebe, uweke, uunge, uondoke, na chakula siku hiyo usipeleke. Akikukaribisha kula chake, kula.

Kisha lipo jambo ambalo nyote watatu mmelisahau kwa kushughulika na nani kamficha nani: kwa nini alianguka? Sakafu iliteleza, au ni presha, au macho, au mifupa? Mkunga hajitibu. Aende apimwe, na kocha aambiwe majibu, na kama daktari atasema afanye zoezi la kuanguka tu bila kubwagana na wakwe, basi iwe hivyo. Chumba cha daktari aingie peke yake. Akitaka uingie, atakuita. Mkubaliane pia, nasema mkubaliane, namna ya kujuana mko salama kila asubuhi: apige simu yeye, au ufunguo mmoja ukae kwa jirani atakayemchagua yeye. Ukiona ulimi wako unaanza "nakukataza", ung'ate.

Jumamosi nenda ukumbini. Viatu vua mlangoni, safari ile uliwachafulia magodoro. Kaa ukutani utazame. Watakapombwaga moyo wako utaruka, utataka kuinuka. Usiinuke. Mtazame anavyoinuka yeye.

Wakimaliza rudini nyumbani watatu, mama atangulie. Zile ngazi atazishuka mwenyewe. Wewe na plasta yako, shika ukuta.