Mbuzi Alisimama Katikati ya Turubai

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru haujaonyesha hata bega. Vidole vinanuka mafuta ya mbuzi, na leo nawadharau watu wengi, wa kwanza akiwa mwenye vidole vyenyewe.

Wasomaji wa zamani mnanijua: mama wa miaka hamsini na mbili wa mtaa wa Sokon I, siku za kazi nauza vitambaa, wikiendi napiga mashine ya ngoma. Ni kiboksi chenye vitufe kumi na sita. Kila kitufe kina mlio wake, dundo, kayamba, kengele, nami navipiga papo hapo mpaka watu waache viti.

Mnajua pia ninavyowaona madijei. Dijei anabonyeza kitufe kimoja, halafu anainua mikono kama aliyeokoka asubuhi hiyo. Jasho la nini? Kazi imefanywa na kompyuta. Yeye ni mlinzi wake tu.

Maneno hayo niliyasema kwenye kikao cha kamati ya kipaimara cha binti wa kaka yangu. Kaka alitaka kumwita Dijei Kishada, jirani yangu, mwanaume mzima na kipara chake, anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Nikasimama. "Kaka, mwanao apigiwe na kompyuta, na shangazi yake nipo? Mimi nina mikono!" Kamati ikacheka, kaka akakubali. Kishada akaambiwa alete spika na nyaya tu.

Sasa ungamo.

Alhamisi niliingiwa na woga. Wakwe wa kaka wanatoka Moshi, mchungaji atakuwepo, na kuingiza ndafu si mchezo. Mbuzi mzima wa kuchomwa anakuja amesimamishwa juu ya ubao, jani mdomoni, mpishi anamsindikiza kwa kucheza, na muziki lazima umfikishe meza kuu. Nikikosea hapo, aibu yangu inafika Moshi kabla ya wakwe wenyewe. Kwa hiyo nikarekodi kipande chote ndani ya mashine, tangu kengele ya kwanza hadi kishindo cha mwisho. Hata urefu niliupima: nilibeba beseni la nguo kutoka jikoni mpaka kwenye kochi, huku nacheza, mara nne. Beseni lilifika vizuri kila mara.

Beseni halina mpishi.

Leo, kwenye sherehe huko Kikatiti, nikabonyeza kitufe kimoja. Halafu, Mungu anisamehe, nikawa napapasa vile vingine kama napiga. Nadhani niliinua na mkono.

Mpishi yule ni balaa. Hatua mbili mbele, tatu nyuma, anazunguka, anachuchumaa, akina mama wanamzingira kwa vigelegele, naye anarudi kuwasalimia. Mbuzi alikuwa hajavuka nguzo ya katikati ya turubai, mashine ikapiga kishindo cha mwisho.

Kimya. Mpishi mguu mmoja hewani. Mbuzi ananitazama.

"Dada! Endelea basi, mbuzi anapoa!" kaka akaita kutoka meza kuu.

Nikabonyeza tena. Ikaanza ile kengele ya mwanzo, ndi, ndi, ndi, kama shule inafungwa. Nikazima. Mama mmoja nyuma akauliza, "Si huyu aliyesema ana mikono?"

Kishada akainuka na miwani yake. Akaja taratibu, akainama nyuma ya meza yangu, akachomoa waya na kuurudisha palepale ulipokuwa.

"Ni waya, mama, eeh?" akaninong'oneza.

Alikuwa ameona kila kitu. Nani mwingine angenibaini?

"Ni waya!" nikapaza sauti, bila hata kumeza mate.

Kisha nikapiga kwa vidole kweli, dundo na kayamba tu, macho yangu kwenye miguu ya mpishi. Akirudi nyuma namsubiri, akisonga namsukuma. Sijapiga vizuri hivyo kwa miaka, na vilitosha vidole viwili. Mbuzi akafika. Hata mchungaji alitikisa bega.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini tulipokuwa tunafungasha, nikamsikia kaka akimwambia Kishada mbele ya wakwe, "Bwana, nyaya zako mbovu zimetutia aibu. Kwenye sendofu ya kumuaga binti yangu mkubwa anayeolewa, usihangaike kuja."

"Samahani, mzee," Kishada akasema, akaendelea kukunja nyaya zake. Alinitazama mara moja. Nadhani; kwa ile miwani huwezi kujua.

Mimi nilikuwa na paja la mbuzi mkononi. Nikaendelea kula.

Miaka yote hii nawacheka watu wa kubonyeza na kujifanya. Leo nimebonyeza, nimejifanya, nimedanganya, na nimeshiba.

Kaka, najua kila Jumatatu unafungua ukurasa huu ukinywa chai dukani, uone kama nimekutaja. Nimekutaja. Waya ulikuwa mzima. Mpigie Kishada kabla hujamaliza kikombe. Na kwenye sendofu apige yeye. Spika nitabeba mimi.