Nilifuta Kompyuta ya Dada Akiwa Wodini

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Alhamisi, maana baada ya hapo jibu lako litakuwa rambirambi.

Mimi na dada yangu mkubwa tunatengeneza miguu ya bandia, yeye ndiye fundi hasa, anapima, anasikiliza, anachonga, mimi nakoroga plasta na kukaza skrubu, na vipimo vya kila mteja kwa miaka tisa anaviweka kwenye kidaftari chake cha kielektroniki, kile cha kushika mkononi na kuandikia kwa kikalamu, ambacho wenzake walishakitupa zamani lakini yeye hasikii la mtu. Na si urefu wa mguu tu, mshauri, mle ameandika nani kigutu chake kimekonda tangu mwaka juzi, nani anaumia upande wa ndani akipanda ngazi lakini anaona haya kusema. Ni watu zaidi ya mia tatu.

Wiki tatu zilizopita alilazwa akapasuliwa mgongo, akaniachia karakana na maneno mawili tu: "Kompyuta usiguse." Nikagusa. Ilikuwa inajikokota, nikasema nimfanyie dada jambo la kumfurahisha akirudi, nikafuta kila kitu nikaweka mfumo wa Linux ambao jirani alikuwa akinisifia, na nakala ya vipimo iliyokuwa humo ikaenda na maji, nikajipa moyo kwamba kidaftari si kipo, nitachomeka waya wa USB na vyote vitarudi. Havirudi! Nakiweka kwenye kitako chake, kile kibao cha kukisimamishia kilichounganishwa na kompyuta, naanzisha programu ya kulinganisha kumbukumbu, inasubiri wee, halafu inasema haioni kifaa, ndipo nabonyeza kitufe cha kwenye kitako, kidaftari kinalia, skrini inaandika kwamba kinaunganisha, na kompyuta kimya kama imenuna. Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu, nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma. Mara moja jina la kifaa lilitokea nikapiga ukelele, kabla sijakaa vizuri likatoweka.

Sasa sikia balaa lenyewe. Betri imechoka, hata ikiwa kwenye chaji inapungua, Ijumaa ilikuwa asilimia sitini, leo Jumatatu ni thelathini na moja, na ikifika sifuri kumbukumbu yote ya kidaftari inafutika. Ningevinakili kwa mkono, lakini dada amevifungia kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, na nikimwomba hilo neno atataka kujua la nini. Daktari amesema apumzike, asisumbuliwe.

Kila siku saa kumi jioni ananipigia. Juzi kauliza, "Kompyuta inakwendaje?" Nikasema inakwenda. Jana kauliza, "Yule mzee wa posta umempima upya, au umetumia vipimo vyake vya zamani?" Nikasema vya zamani. Leo kauliza, "Taa ya kitako inawaka?" Nikasema, "Inawaka, dada." Akasema, "Haya." Mshauri, hiyo "haya" hainitoki masikioni. Nimwambie, nimwongezee ugonjwa, au nifunge mdomo niendelee kujaribu?

Mkoroga Plasta

*

Marahaba, Mkoroga Plasta. Kabla hujasoma mstari wa pili, toa mkono kwenye hicho kitufe. Kila unapojaribu unakula chaji ambayo si yako.

Mimi kazi yangu ni ndoa na wakwe, waya siujui. Barua yako nimeishusha chini kwa fundi wa mitambo wa gazeti hili, mtu anayecheka mara mbili kwa mwaka, na ya kwanza ya mwaka huu umeitumia wewe. "Anaanzia mwisho," alisema. Kumbe kidaftari hicho hakionekani na kompyuta mpaka kitufe cha kitako kibonyezwe, na hata hapo ni kwa sekunde chache tu. Wewe unaanzisha programu kwanza, inatafuta, haikuti mtu, inakata tamaa, ndipo unabonyeza. Geuza. Bonyeza, hesabu mpaka tatu, kisha anzisha programu. Anasema pia kidaftari kikiamka hufungua milango miwili ya kupitishia data, na mara nyingi vipimo hupitia wa pili, huku programu ikiwa imekodolea macho wa kwanza. Ielekeze wa pili, na uifungue kwa ruhusa ya msimamizi wa mfumo, maana mtumiaji wa kawaida anaweza kuzuiwa mlangoni. Na tafadhali, usichague "linganisha". Chagua "chukua nakala". Kompyuta yako haina kitu, na ukilinganisha kilichojaa na kitupu unaweza kubaki na vitupu viwili.

Umefurahi? Umeshainuka kitini? Kaa chini.

Nilimuuliza fundi kama anaweza kuniapia kwamba itakubali mara ya kwanza. Akasema hata kwa mama yake haapi. Basi chaji iliyobaki itumike kujaribu waya, au kunakili kwa kalamu? Hilo si lako kuamua, wala si langu. Vipimo ni vya dada yako, alivipata kwa kupiga magoti mbele ya watu mia tatu akiwauliza wanaumia wapi. Yeye ndiye wa kusema, na kwa neno lake la siri mnaweza kuanza na yule mzee wa posta, kwa daftari la karatasi na kalamu mbili, moja ikikauka.

Nakuhurumia, mdogo wangu. Ulitaka kumfurahisha, na kuficha kosa kwa mtu unayempenda ni kazi inayochosha kuliko kukoroga plasta. Lakini usijifiche nyuma ya daktari. Dada yako amepasuliwa mgongo, si masikio. Na ukidhani ukinyamaza anapumzika, hujamsikiliza. Nani analala kitandani na mishono mgongoni halafu anauliza habari za taa ya kitako? Kitu kikiwa kizima hakiulizwi siku tatu mfululizo. Anajua, au anakaribia kujua, na kinachomuumiza pale wodini si kompyuta.

Gazeti hili litakufikia Jumatano asubuhi, na betri itakuwa karibu kumi. Dada yako amebonyeza kitufe mara tatu, na mara zote tatu upande wako umekaa kimya. Usingoje saa kumi jioni. Mpigie wewe, sasa hivi, na neno la kwanza liwe "Niligusa."